Aliyeshika Chuma Chini ya Boti

Jumamosi ile Lempi aliamka na furaha. Barafu ya ziwa ilikuwa imeyeyuka yote, jua limetoka la kuota mgongo, na jikoni unga wa mkate wa iliki ulikuwa unaumuka taratibu. Wiki moja tu ilibaki msimu wa uvuvi ufunguliwe. Katika miji ile ya migodi ya chuma, kaskazini kabisa mwa Minnesota, siku hiyo mtu asiye na boti hubaki nyumbani na kisirani chake.

Yeye na mumewe Waino walikuwa na boti. Ilikaa juu ya tela mbele ya gereji, ya alumini, futi kumi na nne, rangi yake ya kijani imebabuka hadi bati likaonekana. Ilikuwa ya Urho, kaka yake Waino. Miaka ishirini na sita iliyopita Urho alitoka nayo jioni moja, na hakurudi. Ilikutwa kwenye matete, tupu. Mwili haukupatikana. Mama yao aliigeuza kifudifudi nyuma ya sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke, na akakataza mtu kuigusa, na kila msimu ulipofunguliwa alimwekea Urho sahani mezani. Februari mwaka huu mama naye akafariki, nyumba ikauzwa, boti ikamfikia Waino.

Mapema wiki ile Waino alitaka kuikata kwa msumeno. Lempi ndiye aliyekataa.

"Boti ya shemeji yangu uipeleke kwa wauza vyuma chakavu? Mama hajamaliza hata miezi mitatu kaburini!"

"Imeoza, mke wangu."

"Alumini haiozi. Kilichooza ni uvivu wako. Tuitengeneze, siku ya kufungua msimu tuiteremshe majini kwa heshima yake."

Kwa kawaida Waino angecheka. Siku hiyo aliitazama boti muda mrefu, akasema sawa, akaenda kuchukua nyundo.

Lempi alimpenda Urho kama ndugu wa tumbo moja. Hakuwahi kumwita kwa jina. Shemeji huku, shemeji kule, hadi kanisani mbele ya kasisi. Ndiyo maana kitu kimoja kilimkaa rohoni miaka yote. Urho alipopotea, afisa wa polisi kijana aitwaye Hegstad alikuja na daftari, akauliza Waino alikuwa wapi jioni ile. Lempi akaapa kwamba alikuwa naye nyumbani, wanaoga sauna. Ulikuwa uongo. Waino alirudi saa tatu usiku, amelowa hadi kifuani, akasema ametoka kutega nyavu mtoni kabla ya msimu, na maafisa wa uvuvi wakijua watamnyang'anya leseni na kumtangaza gazetini. Kule kwao hiyo ni aibu kubwa, na ni kosa ambalo nusu ya wanaume wamelifanya. Lempi akamfichia. Ndoo aliyorudi nayo haikuwa na samaki hata mmoja, na Lempi hakuuliza.

Basi kazi ikaanza. Mtu mwingine angeanza na ubao wa nyuma wa kufungia injini, ambao kweli ulikuwa umeoza, au na sponji iliyojaa maji chini ya mabenchi. Waino alianza na nundu. Ubavuni upande wa kulia, chini ya benchi la kati, bati lilikuwa limetuna kwenda nje kwa ukubwa wa bakuli la uji. Aliilaza kwa nyundo ya mpira mpaka ikawa bapa.

Asubuhi ya pili nundu ilikuwa palepale.

"Jua hilo," alisema Waino. "Bati likipata moto linajirudi."

Akaipiga tena, safari hii kwa hasira. Asubuhi ya tatu ilikuwa imerudi. Lempi aliipapasa kwa kiganja. Kwa juu ilikuwa laini na ya mviringo. Chini kidogo vidole vyake vikapita juu ya matuta mawili madogo, yanayofuatana, mahali ambapo mtu angekuwa na nyusi.

Siku hiyo ya Jumamosi walifika kwenye ribiti. Boti ya alumini haina misumari. Mabati yake hushikanishwa kwa ribiti, pini fupi zinazopigwa zikabapa, na zilizolegea ndizo zinazovujisha. Kuzibadilisha ni kazi ya watu wawili, hakuna ujanja. Mmoja anakaa ndani ya boti na nyundo. Mwingine analala chini yake, ameshika pande la chuma la kilo mbili, analikandamiza kwenye ncha ya ribiti. Wa juu anapiga, wa chini anapokea. Bila wa chini, ribiti inaruka tu na bati linatoboka.

"Shika!" Waino alisema kutoka juu.

"Nimeshika."

Ko! Ko! Ko! Kila pigo lilimfika Lempi hadi begani.

"Umeshika au unapapasa? Urho alikuwa anashika kama jiwe."

"Mfufue basi aje kukushikia, mzee mzima unanipigia kelele."

Waliweka ribiti saba. Kisha Lempi akakumbuka mkate wake, akaweka chuma kwenye nyasi, akasema anakuja, akaingia ndani. Aliutia mkate kwenye oveni, akaosha mikono, akamimina kahawa vikombe viwili. Dirisha lilikuwa wazi. Nje, nyundo iliendelea.

Ko! Ko! Ko!

Alisimama na birika mkononi. Sauti ile ilikuwa nzito, imeshiba. Ni sauti ya ribiti iliyoshikwa.

"Safi," alisikia Waino akisema. "Sasa umejua. Shika nyingine."

Ko! Ko! Ko!

Lempi alitoka na vikombe. Waino alikuwa ameinama ndani ya boti, hakumwona. Chini ya boti hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mtu uani kote. Chuma kilikuwa kwenye nyasi, mahali tofauti na alipokiacha, na kilikuwa kimelowa.

"Waino," alinong'ona. "Nani anakushikia?"

Mumewe aliinua kichwa. Akamwona amesimama na vikombe. Akatazama chini, kwenye ribiti aliyomaliza kuipiga. Rangi ilimtoka usoni. Lempi alipiga magoti akahesabu. Ribiti mpya kumi na moja zaidi ya zile saba, zimebapa sawasawa, nzuri kuliko zote alizozishika yeye.

"Amenishikia," Waino alisema. "Kwa nguvu zilezile alizonishika mkono siku ile."

"Nani?"

Alishuka, akamvuta Lempi mkono hadi ndani ya gereji, kahawa ikamwagikia mapajani mwao wote wawili. Akafunga mlango.

"Hukutega nyavu siku ile," alisema Lempi. Alishangaa kusikia sauti yake imetulia.

"Nyamaza."

"Umemfanya nini shemeji yangu?"

Waino alimpiga kofi. Katika ndoa ya miaka thelathini na nane alikuwa hajawahi, na sasa alipiga la pili kabla la kwanza halijapoa. Kisha maneno yakamtoka yenyewe, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Ulikuwa ugomvi wa kipuuzi. Urho alimcheka kwa kupoteza samaki mkubwa pembeni ya boti. Alicheka, akaendelea kucheka. Waino akamshika nywele, akampigiza kichwa ubavuni mwa boti. Mara moja. Urho akamng'ang'ania mkono. Mara ya pili. Mara ya tatu bati likatuna. Bado alikuwa anapumua alipomfunga kamba ya nanga na kumtupa.

"Alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anapumua." Waino alikuwa analia, na nyundo ilikuwa bado mkononi. "Na wewe uliapa, Lempi. Mimi nilipiga, wewe ukashika. Sasa unataka kwenda kumwambia nani?"

Lempi alitazama mlango. Ndipo Waino alipoubana mkono wake wa kushoto juu ya meza ya kazi na kukipiga kidole chake kidogo kwa nyundo. Kilivunjika kwa sauti ndogo. Alichukua simu ya Lempi na funguo za gari, akavitia mfukoni.

"Leo tunaijaza maji tuone panapovuja," alisema, amepoa kabisa. "Kesho tunaiteremsha, hatungoji msimu. Mimi na wewe tu, kama ulivyotaka, kwa heshima yake. Vaa buti zile nzito."

Lempi alielewa. Kesho saa kama hizi angekuwa chini ya ziwa, na Waino angekuwa analia mbele ya Hegstad.

Boti kujaribiwa kwake ni hivi: huiweki majini, unamwaga maji ndani yake ikiwa bado iko juu ya tela, halafu unatambaa chini na chaki kutafuta panapotona. Waino alifungulia mpira wa bomba. Maji yakapanda, yakafunika mbavu, yakafika kwenye benchi. Upande wa pili wa barabara, jirani alikuwa anakata nyasi kwa mashine, na Lempi angeweza kupiga kelele hadi koo lipasuke, asingesikika. Alijiviringishia kitambaa kwenye kidole, akaingia chini.

Kukavu. Zile kumi na moja, kavu. Zake saba, kavu. Alitambaa hadi kwenye nundu. Hapo, katikati kabisa, tundu la ribiti moja lilikuwa wazi, na maji yalitoka kwa uzi mwembamba. Tone moja likamwangukia Lempi ulimini. Maji ya bomba hayana ladha ya matope.

"Kuna tundu kwenye nundu," alisema.

"Nimeshaliona," Waino alijibu juu. Lempi alimsikia akiegemea ukingo, boti ikalalama. "Subiri nitie ribiti. Maji machafu haya yametoka wa..."

Neno likakatika hapo.

Mashine ya jirani ilizimika. Maji yalisikika yakicheza ndani ya boti, ingawa mpira ulikuwa umeshafungwa.

"Shika," sauti ilisema.

Lempi aliinua chuma. Mazoea. Alikikandamiza kwenye tundu, na ncha ya ribiti ikatokeza kutoka ndani na kugusa chuma.

"Nimeshika."

Pigo la kwanza lilimfika begani. Lilikuwa zito kuliko yote ya asubuhi. Lakini halikulia ko. Lililia kama tikiti maji linapoanguka sakafuni.

Aligeuza macho pembeni.

Nyundo ilikuwa kwenye nyasi, karibu na goti lake.

Juu yake miguu ilipigapiga tela. Mkono ulikwaruza bati. Maji yakaruka nje, ya kahawia, yenye majani ya ziwani. Waino alijaribu kuita jina la Lempi, likatoka povu tupu.

"Shika, shemeji," sauti ilinong'ona, upande wa pili wa bati, karibu kabisa na sikio lake.

Watu humuuliza Lempi kwa nini hakutupa chuma akakimbia. Alikuwa na nafasi. Alijua sasa kinachopigwa ni nini. Kidole chake kilikuwa kinawaka moto, na alikumbuka neno moja. Alikuwa anapumua.

Alishika.

Pigo la pili.

La tatu.

Kisha kimya, na mashine ya jirani ikaanza tena.

Jirani ndiye aliyepiga simu polisi, na aliyekuja ni Hegstad yuleyule, sasa ana mvi na kitambi na miezi michache ya kustaafu. Alimkuta Waino amening'inia ukingoni, kichwa ndani ya maji, paji la uso limevunjika na kuzama ndani. Katikati ya paji palikuwa na alama ya duara ya ukubwa wa sarafu. Kwenye nywele za kisogo, palikuwa na alama za vidole vitano vilivyozishika kwa nguvu hadi nyingine zikang'oka na ngozi.

Alipima alama hizo na vidole vya Lempi. Hazikukaribiana.

"Mama Lempi, wewe ulikuwa wapi?"

"Chini ya boti. Nimeshika chuma."

"Na juu alikuwa nani?"

Lempi alimweleza yote. Nyavu ambazo hazikuwepo, sauna, kamba ya nanga, kofi, kidole. Akamwambia na juu alikuwa nani. Hegstad aliandika mpaka alipofika kwenye jina hilo, kisha kalamu ikasimama.

"Mama, naomba uniambie ukweli."

"Mara ya kwanza nilikudanganya," alisema Lempi, "ukaandika neno kwa neno, hata kahawa ukanywa. Leo nakwambia ukweli kalamu inasimama?"

Hegstad alifunga daftari. Alienda akachuchumaa kwenye ubavu wa boti. Nundu haikuwepo tena. Bati lilikuwa limenyooka na limekauka juani, na pale katikati palikuwa na ribiti ya kumi na mbili, imebapa vizuri pande zote mbili. Aliigusa, akauondoa mkono upesi.

Boti iko hadi leo uwanjani kwa polisi, wazi, bila turubai. Mvua za Juni zimeijaza hadi ukingoni na haivuji hata tone. Mchana wa Julai bati lake linaunguza kiganja. Ribiti kumi na mbili tu ndizo zenye barafu.