Ukuta wa Nyuma

Mtaa wa maduka ya ujenzi mjini Garissa hauna adabu asubuhi. Mikokoteni ya punda inagombania njia na tuktuk, wachukuzi wanafoka "Kando! Kando!", na bati jipya likipita juani sharti ufumbe macho. Hodo, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameyafumba hivyo hivyo pale kona ya bati iliponasa jilbabu yake ya rangi ya kahawa.

"Pole, abaayo, dada yangu!" alisema aliyelibeba, akilitua haraka. "Haijachanika?"

"Ingechanika ungelipa."

"Ningeishona mwenyewe. Mimi ni Shueb, fundi wa mabati, lakini hata kitambaa hakinishindi."

Hodo alicheka bila kupenda. Kijana alikuwa mrefu, amejifunga macawisi, kikoi cha mistari, mikono imejaa mikwaruzo, na alikuwa na sauti ya upole. Basi akamweleza shida yake. Nyumba aliyoacha marehemu baba yake ilikuwa ya mabati, kuta zimeshika kutu hata wanunuzi wanaishia getini. Kaka yake wa Eastleigh alitaka iuzwe, kisha Hodo na mama yao wahamie kwake. Hela ya ukarabati ilikuwa kiduchu.

"Nitanunua mabati mapya ya kuta mbili, zile zinazoonekana barabarani," alisema Hodo. "Ya nyuma utayageuza. Upande wa ndani haujapigwa na jua wala mvua. Ukisugua kwa brashi ya waya, ukaziba matundu ya misumari, ukapaka rangi, yatafaa."

Shueb akamtazama tena, safari hii vizuri. "Nani amekufundisha kazi yangu?"

"Ubahili."

"Basi umepata fundi, mwalimu."

Kazi ikaanza. Mama yake, Saado, alikaa mkekani na tasbihi yake akimsimamia Shueb, na Hodo alisimamia kwa simu kutoka shuleni. Sidhani kuna ukuta uliowahi kupigiwa simu nyingi namna ile.

"Leo umepaka rangi gani?"

"Buluu. Kama ile shela uliyovaa juzi."

"Kwani unafanya kazi ama unatazama shela?"

"Mikono inafanya kazi, macaan wangu. Macho yako mapumzikoni."

Siku moja akamwambia, "Nikimaliza ukuta huu utapata mnunuzi. Natamani usimpate." Hodo alisonya, lakini moyo ulimruka. Ukweli ni kwamba hakutaka kuondoka Garissa. Ila nyumba ikiuzwa, msichana ambaye hajaolewa angebaki kwa nani?

Mnunuzi alikuja Hodo akiwa darasani. Aliitwa Mzee Kerrow, mfuga ng'ombe wa Sangailu aliyetafuta nyumba ya mjini kwa ajili ya wajukuu wanaosoma. Aligonga kuta kwa bakora, akaridhika. Hapo Shueb akampeleka nyuma, akabandua bati alilolipigilia jana yake, akamwonyesha nguzo mbili zilizoliwa na mchwa. Mzee alitazama, akageuka, akaenda zake. Baba mdogo wa Hodo, Adeer Siyad, aliyekuwa amemleta mnunuzi, alipiga simu shuleni papo hapo.

Hodo naye akampigia Shueb.

"Ni kweli umemwonyesha nguzo?"

"Nimemwonyesha."

"Kwa nini?"

"Ilibidi."

"Ulisema unatamani nisipate mnunuzi. Sasa umehakikisha! Umeniharibia jina mbele ya Adeer kwa ajili ya matamanio yako."

"Hodo, nisikilize..."

"Usinipigie tena."

Jioni alifika nyumbani amevimba kwa hasira, akaanza kulalamika hata viatu hajavua. Mama yake akaweka tasbihi chini.

"Ni mimi niliyemtuma. Kuuza kitu chenye kasoro bila kusema ni haramu. Mtoto wa watu alinionyesha nguzo jana kabla hajapigilia bati, nikamwambia mnunuzi akija amwonyeshe."

"Hooyo! Mbona hakusema?"

"Angesema nini? Mama yako ndiye aliyekufukuzia mnunuzi? Ana heshima yule."

Hodo aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alipiga simu, haikushikwa. Akapiga tena, kapa.

Kesho yake adhuhuri mkokoteni ukasimama getini. Juu yake zilikuwa nguzo mbili mpya, na nyuma yake Mzee Kerrow.

"Nyumba mingi nimeona hii mji," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. "Yote wananionyesha rangi. Hii beke yake wamenionyesha ugonjwa. Nachukua. Yule fundi iko wapi?"

Fundi aliitwa. Alipokuwa akichimbia nguzo, uso kaukunja, Hodo alimletea chai ya maziwa ya ngamia, shela ya buluu kichwani. Kwa makusudi, kama mnataka kujua.

"Nimekukosea, Shueb. Nisamehe."

Shueb alipokea kikombe. "Nimekasirika mpaka chai hii iishe."

"Basi kunywa haraka. Mzee anachukua funguo Jumamosi. Mtu mwenye wazee wa kuwatuma, wakija Jumapili watakaa wapi?"

Chai ikampalia. "Ningeposaje na nyundo mkononi, kibarua wa mama yako?"

"Kibarua kinaisha leo."

Ijumaa baada ya swala wazee waliingia, ndevu za hina na bakora, na aliyetangulia alikuwa Mzee Kerrow mwenyewe. "Nyumba nimenunua," alisema, "lakini leo mimi ni mgeni. Naombea yule kijana mke."

Adeer Siyad alijibu kwamba msichana lazima aulizwe, akainuka taratibu. Hakufika mlangoni. Ukuta wa nyuma ulilia ngwaa! na wanawake waliokuwa nje wakapiga vigelegele.

"Huyu hana haya!" alifoka Adeer.

"Ana haraka," alisema Saado, akifuta machozi na kucheka. "Mimi nitaenda Eastleigh kupumzisha magoti. Yeye kazi yake iko hapa."

Shueb, ambaye desturi ilimzuia kuhudhuria, alishika simu ya Hodo kabla haijamaliza kulia mara moja.

"Wamesemaje?"

"Wamemaliza birika mbili za chai."

"Wallahi, Hodo, usinitese!"

"Mabati yako yana kelele, fundi. Nimegonga mara moja tu, mtaa mzima umesikia."

"Umegonga useme nini?"

"Ndiyo."