Iodini ya Chumvi na Iodini ya Dawa

"Kula!" Nurdini aliongeza kijiko kingine cha chumvi kwenye mihogo ya mkewe. "Daktari kasema iodini. Si hii hapa? Imeandikwa kwenye pakiti. Dar unafuata nini?"

"Daktari kasema niiache hii, Baba Faidha!" Pili alisukuma sahani. Alikuwa mgonjwa wa tezi. Shingo imevimba, moyo unamwenda mbio hata akikaa, nguo zote zinampwaya. Gari la Dar linaondoka Newala asubuhi hii. Akilikosa, nafasi yake hospitali inapotea.

"Wakutie mionzi, urudi umuunguze mtoto? Huendi!"

"Hodi! Kijiji kizima cha Kitangari kinawasikia." Alikuwa jirani yao, Mwalimu Ethel, anayefundisha kemia sekondari.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Nurdini. "Mwambie huyu. Iodini si iodini?"

"Marahaba. Zote iodini, lakini haziko sawa." Akaokota korosho mbili uani. "Kwa sura hizi ni ndugu. Zipime: moja nzito. Na atomi ni hivyo. Protoni zikiwa sawa, zote ni iodini. Nyutroni zikizidi, uzito unazidi. Ndugu hao tunawaita isotopu. Ya chumvi ina uzito wa 127, imetulia. Ya dawa ni 131. Hiyo haitulii, inarusha mionzi. Ni kama korosho motoni, inarusha mafuta."

"Shuleni tulikariri namba moja tu ya uzito kwa kila atomi. Klorini, thelathini na tano na nusu. Leo mnaziongeza?"

"Huo ni wastani, baba. Katika kila atomi nne za klorini, kama tatu ni 35, moja ni 37. Jumlisha, gawa kwa nne."

Nurdini alihesabu, midomo ikicheza. Ilitoka ile ile.

"Sasa sikiliza," alisema Mwalimu. "Tezi ya shingo haichagui uzito. Inameza iodini yoyote. Ikimeza ya dawa, mionzi inaichoma tezi iliyozidisha kazi. Wewe ukiishibisha chumvi, dawa itaingia wapi?"

"Na mtoto?"

"Mionzi inapungua siku hadi siku. Akirudi, asilale na mtoto mpaka muda atakaopewa na daktari uishe."

Pili alimtazama mumewe.

Nurdini alitoa simu. "Dada Shakila, njoo umchukue Faidha. Atakaa kwako mpaka daktari aturuhusu. Leo, ndiyo, sasa hivi!"

Akamkabidhi Mwalimu mtoto mpaka Shakila afike, akasukuma pikipiki nje, akafunga begi nyuma kwa mpira.

"Panda, Mama Faidha. Nishike vizuri."

Pili akapanda. Wakaondoka kuelekea Newala.