Kigingi cha Mzee Wilf

Haya yalimpata rafiki yangu Philippa, ambaye haamini mizimu na hata leo anasisitiza haamini.

Anaishi kwenye mashua mferejini, na leseni ya watu wasio na gati la kudumu kama yeye hairuhusu kukaa mahali pamoja zaidi ya siku kumi na nne. Jirani yake, mzee Wilf, alikuwa amefikisha siku ya ishirini palepale.

"Injini inakohoa, binti, na mimi vilevile," alimwambia. "Au wewe ndiye karani wa siku zangu?"

"Sheria ni sheria, mzee," Philippa akacheka, kisha akaenda kumripoti kwa wasimamizi wa mfereji. Aliitamani nafasi ya mzee, karibu na bomba la maji. Alikiri mwenyewe kwangu. Mzee akaamriwa kuhama. Aling'oa vigingi vyake vya chuma vya kufungia mashua ukingoni, vilivyovishwa mipira ya tenisi ili wapita njia wasijikwae, akaondoka. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya handaki ambamo mfereji hupita chini ya kilima, mashua ikigonga ukuta taratibu.

Siku kumi na nne za Philippa pale zilipokwisha, ilibidi naye apite mle. Nje ilikuwa adhuhuri. Ndani taa yake ilimulika matone tu. Ndipo akasikia nyuma yake nyundo ikigonga chuma, kama mtu anayepigilia kigingi afunge mashua ukingoni. Mle hamna ukingo, ni matofali na maji.

"Nisamehe, mzee," alisema bila kugeuka. Nyundo ikanyamaza.

Alipotoka juani, aliona kamba yake ya nyuma imezama majini. Akaivuta. Mwishoni kilikuwa kimefungwa kigingi kinachochuruzika matope, kimevishwa mpira wa tenisi.

Mpira ulikuwa mkavu.