Kiti Chenye Mguu wa Waya

Jua lilikuwa linazama nilipotoka nyumbani kwenda makumbusho kuchukua kiti cha dada yangu. Sikwenda kuiba. Kiti ni cha dada, dada ni wangu, na hapo ubishi umekwisha. Lakini naona mmeshaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, basi ngoja nieleze.

Kila kiangazi makumbusho ya mtaani kwetu huweka kazi ya sanaa nje, uani. Mwaka huu akaja msanii mmoja, mwanamke mwembamba asiyepaza sauti, mtaa ukambatiza Mgeni. Alipita nyumba kwa nyumba akiazima viti. Vipya hakuvitaka, wala vile vibovu vya stoo.

"Nataka kile unachokalia kila siku," alinong'ona. "Kitarudi mvua ya kwanza."

Akavipanga safu kwa safu uani, vyote vikitazama jukwaa la mbao lisilo na mtu. Akazungushia kamba, ikawa marufuku kukaa. Kazi hiyo akaiita Watazamaji.

Siku ya ufunguzi mshereheshaji nilikuwa mimi. Mtaa huu ukitaka mtu wa kupiga kelele kwa ufasaha, hutuma mtu kwangu. Nilisomea uchekeshaji wa jukwaani, na mwalimu wangu alitufundisha jambo moja kabla ya mzaha wowote: ukiingia ukumbini, piga kofi. Ukumbi mtupu hurudisha sauti. Uliojaa huimeza. Siku ile, watu wakiwa nje ya kamba, nilipiga kofi kuelekea viti, ukuta wa makumbusho ukanirudishia: pa... pa. Nikawaambia watu, nikionyesha viti, "Watazamaji kama hawa ndio ninaowapenda. Hawatoki katikati!" Tukacheka.

Mgeni peke yake hakucheka. Alikuwa ananusa hewa.

Sasa, kiti cha dada. Ni cha mbao, kimesukwa kwa kamba za plastiki za bluu. Mguu mmoja ulivunjika, nikaufunga waya, ukabaki mfupi. Kwa hiyo dada akicheka, kiti hugonga sakafu: ko, ko, ko. Na dada hucheka kwa kuchelewa. Mchekeshe akiwa anakoroga uji, atacheka akiosha sufuria. Ndiye aliyenilea tangu mama afariki, na kila kichekesho changu alikisikia wa kwanza, akakielewa wa mwisho. Sina mwingine duniani.

Kiti kilipoondoka, dada akaacha kukaa.

Akala amesimama. Akapika amesimama. Usiku nikamkuta kasimama dirishani, miguu imevimba.

"Dada, kochi hilo hapo. Kwani linauma?"

"Pana mtu," alisema.

"Nani?"

"Nikitaka kukaa, naona pana mtu."

Nilimtania. Nikamwuliza kama ameajiriwa ulinzi kwetu bila mimi kujua. Hakucheka, na hata baadaye, nilipokaa macho nikimsubiri acheke, hakucheka.

Ndiyo maana jioni ile nilifunga safari. Njiani, dukani kwa fundi cherehani, nikaona jambo lililonitoa jasho. Fundi alikuwa anashona amesimama, mguu mmoja juu ya pedali, mwingine chini, kama korongo. Naye alikuwa ametoa kiti. Mbele kidogo, mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameegemea ukuta wa ofisi yake. Siku nyingine ningemwambia, "Mwenyekiti bila kiti ni mwenye nini?" Siku ile nilimpita tu.

Mlinzi wa makumbusho alikuwa langoni. Amesimama.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuchukua kiti cha dada."

"Marahaba." Akatazama nyuma yake, kisha akashusha sauti. "Ingia. Ila huko ndani usiseme kitu cha kuchekesha."

"Mzee, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Ndiyo maana nakuambia."

Uani palikuwa kimya. Viti vilikuwa vile vile, na kivuli cha jengo kilikuwa kimeshafika safu ya nyuma. Kulikuwa na harufu ya udongo ulioloa... na wingu hakuna. Kwa mazoea tu, mikono ikafanya ilichofundishwa.

Nikapiga kofi.

Ukuta haukurudisha kitu.

Nikapiga tena, kwa nguvu. Sauti ikatoka mikononi, ikazama mle vitini kama jiwe kwenye matope.

Ukumbi ulikuwa umejaa.

Mtu mwenye akili angekimbia. Lakini mchekeshaji akishikwa na woga mbele za watu hana dawa nyingine. Nilijisikia nikisema, kwa sauti iliyopasuka, kichekesho cha zamani kuliko vyote nilivyonavyo:

"Daktari kaniambia niache kula usiku. Siku hizi nakula nimewasha taa."

Kimya.

Kisha viti vikalia. Vyote. Mbao zikakwaruzana, kamba zikanyooka, miguu ikatikisika juu ya changarawe. Safu nzima, halafu safu inayofuata... Nayajua mawimbi hayo. Nimeyaishi. Ni kicheko cha ukumbi, ila hakikuwa na koo hata moja.

Kikatulia.

Halafu, peke yake, safu ya tatu, kwa kuchelewa...

Ko. Ko. Ko.

Nikaruka kamba. Nikakikumbatia kiti kile cha bluu, nikakiinua. Kilikuwa kizito, uzito wa kumbeba mgonjwa. Nilipogeuka, Mgeni alikuwa amesimama penye kamba.

"Mvua bado," alinong'ona.

"Kiti ni cha dada yangu."

"Najua ni cha nani. Mvua ya kwanza ikikipiga kiti, mwenyewe hurudi nyumbani. Kiache, iko njiani."

"Hurudi kutoka wapi? Dada yangu yuko nyumbani!"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko kile kicheko.

"Una hakika?"

Mtu anayeazima viti vya watu na miguu yao ikavimba, nimwamini kwa lipi? Nilidhani anataka kunichelewesha. Nikampita, nikaenda na mzigo wangu mpaka nyumbani.

Dada alikuwa sebuleni, kasimama, taa haijawashwa.

"Umekileta cha nini hicho?" aliuliza. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Ukae, Dada. Miguu ipumzike."

"Sikitaki."

Nikakiweka katikati ya chumba, nikawasha taa, nikajaribu kucheka. "Basi sikiliza. Daktari kaniambia niache kula usiku. Siku hizi nakula nimewasha taa."

Akacheka.

Hapo hapo. Neno la mwisho halijatua sakafuni, yeye kashacheka, kicheko kizuri, cha kutosha, kilichoisha panapotakiwa. Mtazamaji ambaye kila mchekeshaji humwomba Mungu ampe.

Nywele zikanisimama. Maana katika miaka yote ile, dada yangu hajawahi kuwahi.

Nyuma yangu, kwenye kiti kitupu...

Ko.

Ko.

Ko.

Na juu ya bati, tone la kwanza likaanguka. Kisha la pili. Kisha mvua.

Nikakinyakua kiti, nikakimbilia mlango. Yeye, mwenye miguu iliyovimba, aliyekuwa ukutani nyuma ya meza, alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo mkononi.

"Kiache, mdogo wangu," alisema kwa upole. "Kitalowa."

Nilimsukuma. Ilikuwa kama kusukuma nyumba. Nilipofikiria dirisha, nikakumbuka nondo nilizochomelea mwenyewe kwa kuogopa wezi. Mvua ile haikudumu. Ilipiga bati kidogo, ikapita, kukabaki michirizi tu. Ndipo akafungua mlango, akavuta kochi, akakaa. Akashusha pumzi ndefu kama aliyefika kutoka mbali.

Kulipokucha fundi alikuwa anashona ameketi, mwenyekiti anafoka kutoka kitini pake, mlinzi anasinzia langoni. Viti vyote vilirudishwa, bado vina unyevu. Mgeni alikuwa ameondoka, na makumbusho hakuna aliyejua alikotokea. Mvua ya pili nilikitoa kiti nje usiku kucha, kamba zikavimba. Haikusaidia. Mgeni alishasema, ni ya kwanza tu.

Majirani wananipongeza. Dada yako amechangamka siku hizi, wanasema, anakupenda kweli, kila ukitania anacheka. Anacheka, tena kwa wakati. Anakaa popote ndani ya nyumba, isipokuwa kwenye kiti kile.

Mimi kila jioni, akitoka kwenda dukani, nakaa sakafuni mbele ya kiti. Namwambia dada yangu habari za daktari na taa. Kisha nanyamaza, nasikiliza mguu wa waya.

Hujibu. Ko, ko, ko.

Jana alichelewa sana. Leo nimeshamwambia, nimesubiri mpaka nasikia yule mwingine anavua viatu mlangoni... na bado nasubiri.