Majibu Aliyotunga Chiriku

"Bibi yao amerukwa na akili." Chiriku aliyasikia maneno hayo kwenye foleni ya bombani, alikochota maji kila asubuhi kabla ya shule. Akajifanya hakusikia, lakini yalimganda kama kupe mpaka darasani.

Aliporudi mchana alimkuta mteja wa bibi, aliyekuwa fundi wa kushona, akikunja kitambaa chake barazani.

"Usinielewe vibaya, dada," mteja alimwambia mama yake Chiriku. "Yule mtafiti aliyepita akiuliza idadi ya watoto ameandika kwamba mama yako hakumbuki hata idadi ya watoto aliozaa. Gauni la harusi nitamwachiaje?"

Huyo alikuwa mteja wa tatu kuchukua kitambaa chake siku hiyo. Bibi alijua lugha ya kwao tu, nao watu wa kwao mtaani walikuwa wachache. Hakuelewa maneno, ila kitambaa kikikunjwa alielewa. Akaondoa miguu kwenye cherehani.

Mama alisubiri mteja aondoke. "Chiriku, wewe ndiye uliyemtafsiria mtafiti. Bibi alijibu nini?"

"Alianza hadithi ndefu, mama. Wenzangu walikuwa wananisubiri turuke kamba. Nikasema hakumbuki."

"Hadithi? Kwetu watoto hawahesabiwi kama mbuzi. Hutajwa mmoja mmoja, waliokufa kwanza. Alikuwa anawataja kaka zangu waliozikwa, nawe ukamfungia mlango. Na fomu ya kuridhia kuhojiwa? Alikubali?"

"Sikumuuliza. Nilimwambia tu abonyeze dole gumba."

Mama hakumpiga. Alimshika mkono, wakaenda zahanati, kwenye chumba alichopewa mtafiti. Njia nzima Chiriku aliona heri angechapwa.

"Fomu inataka idadi, mama," mtafiti alijitetea. "Mjukuu ndiye aliyesema hakumbuki."

"Mjukuu ana miaka kumi na mmoja. Ulishindwa kutafuta mtu mzima anayejua lugha yetu? Na habari za mama yangu zilifikaje kwa wateja wake?"

Mtafiti alishusha macho. "Nilimsimulia mwenye nyumba wangu. Kwa mazungumzo tu."

"Mazungumzo yako yamemnyang'anya mama yangu kazi."

Chiriku akasema, machozi yakimtoka, "Nilidanganya. Bibi anakumbuka wote."

Kesho yake mtafiti alikuja na mkalimani, mzee wa kabila la bibi. Safari hii bibi aliulizwa kwanza kama anataka. Akasema hataki, na karatasi ile aliyobonyeza dole ichanwe mbele yake. Ikachanwa. Kisha mtafiti akazunguka na mama kwa wateja wote watatu, akakiri kosa. Wawili walirudisha vitambaa. Yule wa gauni la harusi alikuwa ameshampa fundi mwingine kitambaa chake.

Chiriku aliomba radhi kwa lugha ya kwao. Bibi akamjibu, "Kaa. Sikiliza mpaka mwisho." Akaanza kuwataja upya, na Chiriku hakuinuka.

Jioni mama alimwambia, bado amekasirika:

"Usimjibie mtu ambaye hujamsikiliza hadi mwisho.
Usikate maneno ya mzee kwa sababu ni marefu.
Usimwambie mtu abonyeze dole kwenye karatasi asiyoielewa.
Usikubali kazi ya watu wazima ambayo huiwezi.
Na ukikua ukawa mtafiti mwenye fomu zako, usibebe habari za wazee wa watu kwenda kuzipigia soga."