Mlango wa Mwanaanga

Yaliyompata Randa, rafiki yangu seremala, alinisimulia mwenyewe, na Randa si mtu wa kutia chumvi.

Alijenga sebule ya kuigizia tamthilia ya televisheni, ile ya mwanaanga anayerudi nyumbani kwa mama yake. Mlango wa sebule hiyo ulikuwa wa kudanganya macho tu. Aliupigilia misumari juu ya ukuta wa matofali, kishikio akakibandika kwa gundi. Mwongozaji akamtania, "Randa bwana, kijana akirudi kutoka angani si atalala nje?"

Siku moja mchana, wenzake wakiwa wameenda kula, Randa alirudi kuchukua futi yake ya kupimia. Umeme ukakatika. Studio haina hata dirisha moja, giza likawa totoro. Ndipo akasikia mlango wake unabishwa. Ngo, ngo, ngo. Polepole, kama mtu aliyevaa glavu nene. Halafu sauti, karibu kabisa na mbao: "Mama, nifungulie. Huku hakuna hewa."

Alitoka mbio, akaacha hata sanduku la vifaa vyake.

"Ilikuwa njaa hiyo, ndugu yangu," nikamcheka.

Jana wameonyesha sehemu ya mwisho. Mwanaanga ameshafika sebuleni, mama amemkumbatia analia, na mke wangu kwenye kochi naye analia. Mimi nilikuwa nautazama ule mlango nyuma yao. Kishikio kilishuka taratibu, kikapanda, kikashuka tena.