Karata za Mtu wa Tatu

Yaliyompata rafiki yetu Husni, seremala wa Gitega, mpaka leo hapendi kuyasimulia. Mchana mmoja alipeleka meza Muyinga kwa Radjabu, aliyerudi nyumbani baada ya kugawa karata miaka tisa kwenye kasino ya meli ya watalii.

Mvua ikapiga, umeme ukakatika, ukungu ukafunika vilima vyote. Wakakaa kuijaribu meza kwa karata, wakiwekeana maharage.

"Kule baharini iko sheria," Radjabu alisema. "Mchezo haufunguliwi mpaka nchi kavu ipotee machoni."

Husni akacheka, akatazama dirishani. Hakuona hata mgomba wa uani. Mara sakafu ya saruji ikaanza kuyumba polepole, na gizani, karibu yao, kiti kikavutwa.

Radjabu akagawa mafungu matatu.

"Si tuko wawili?" Husni alinong'ona.

"Nyamaza, ndugu yangu. We usimwangalie."

Karata zikasikika zikiokotwa, moja moja, kisha zikawekwa mezani.

Umeme uliporudi, kiti cha tatu kilikuwa kitupu. Karata zilizokuwa mbele yake zilikuwa zimelowa chepechepe. Husni akazigusa, akalamba kidole. Maji yalikuwa ya chumvi.